Komunike ya Tatu

Mama Kanyere aliingia redioni na kitambaa cha kilio bado kichwani, akauliza nani anashughulika na komunike, yaani matangazo ya vifo. Fiacre, mkuu wa vipindi, akamwonyesha Lucienne, fundi wa kompyuta.

"Kaka yangu Laurent tulimuzika juzi," alisema. "Komunike tulileta asubuhi ile, maziko ikiwa bado. Ninyi mukaitangaza jana! Mutoto wake Prudent iko anachimba zahabu kule Kilo. Alisikia, akakimbia na moto, ile pikipiki yake, akakuta kaburi."

"Mama, courant ya umeme ilikatika," Fiacre akadakia.

"Kwetu iliwaka siku muzima."

Lucienne alimwomba mama akae, akageukia mashine. Mfumo ule aliuandika mwenyewe kwa lugha ya C. Zilikuwa programu mbili: moja ilipokea komunike zilizorekodiwa na kuzipanga foleni, nyingine ilizirusha hewani. Kila komunike ilipofika, ya kwanza iliipigia ya pili ishara, na ya pili ikacheza komunike moja. Ishara haikubeba ujumbe wowote; ilisema tu kwamba kuna kitu.

Alirekodi komunike tatu za majaribio kwa sauti yake, akazituma kwa kufuatana haraka bila kuzirusha hewani. Alisikia ya kwanza, kisha ya pili, kisha kimya. Alipotuma ya nne, mashine ilicheza ya tatu na kuiacha ya nne ikingoja.

Hapo akaelewa. Wakati komunike ya kwanza inasomwa, ishara ya pili ilikuwa na mahali pa kungoja. Ya tatu, kwa kuwa ni ya aina ileile, ilikuta mahali pamejaa, ikapotea. Komunike ya Laurent nayo ilibaki hivyo kwenye foleni hadi ishara nyingine ije, na ishara hiyo ilikuja kesho yake. Yeye alikuwa amezihesabu ishara kama vile hakuna hata moja inayoweza kupotea.

Alibadilisha programu: sasa ishara ingeiamsha tu, nayo ingecheza kila kilichomo mpaka foleni iishe. Alijaribu tena na tena. Zote zikatoka.

"Mama, courant haikukatika," alisema. Fiacre akatazama chini. "Kosa lilikuwa mu programu, na niliiandika mimi. Munisamehe."

Mama Kanyere alionyesha mlango. "Prudent iko inje. Umwambie weye mwenyewe."

Kijana alikuwa amekaa juu ya pikipiki, matope ya barabara yangali kwenye suruali. Lucienne alimweleza yote.

"Kumbe ilikuwa mule ndani tu, siku yote?"

"Ndiyo. Ilikuwa mule."

Prudent alifuta uso kwa mkono. "Basi tangazeni mwisho wa matanga, ni siku ya posho, hii Jumamosi. Watu ya Kilo wasikie."

Lucienne alirekodi palepale, akasimama kando ya redio mpaka jina la Laurent likasomwa hewani. Siku ya posho naye alikwenda matangani, akakuta watu wa Kilo wamejaa kwenye mabenchi. Mama Kanyere alimsogezea kiti.