Ufunguo Shingoni mwa Mke Mwenza

"Shoga, jana usiku ulikuwa unampikia nani?"

Aliyeuliza ni fundi cherehani wa mlango wa pili, asubuhi, pini zikiwa bado mdomoni. Mama Dobi akacheka.

"Nimpikie nani, mwenzangu, nami siku hizi nalala kama pono?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Tangu amzike mumewe alikesha miaka miwili bila usingizi, akisikiliza bomba likidondosha maji mpaka kunakucha. Mchana alisinzia juu ya pasi, akaunguza mashati ya watu, wateja wakaanza kumhama mmoja mmoja. Ndipo daktari alipomwandikia vidonge vya usingizi, naye akapiga magoti kumshukuru Mungu.

Lakini alipoingia jikoni alikuta sufuria imeungua, nyeusi tii, na mezani sahani tatu. Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu: yeye na mjukuu wake wa kike wa miaka saba, ambaye binti yake alimwachia alipokwenda kufanya kazi mbali.

Akakimbilia kwa daktari. Daktari akamwambia vidonge vile huwatembeza watu wakiwa usingizini, ameze nusu. Nusu haikumpa hata lepe. Usiku wa nne akarudia kidonge kizima, kimyakimya, akajiona mjanja: alifunga jikoni, ufunguo akautia uzi, akamvika mjukuu shingoni.

"Mke mwenzangu," alimwambia, maana ndivyo walivyotaniana tangu mtoto ajue kusema, "usimpe mtu. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Akasahau kuongeza: hata mimi.

Jumamosi binti alifika bila taarifa. Alimkuta mama yake akimpaka mtoto dawa kiganjani, penye lengelenge kubwa.

"Nani kamchoma?"

"Sufuria," mtoto akajibu. "Ilikuwa inatoa moshi, nikaitoa. Bibi alikaa tu, macho wazi, namwita haitiki."

"Na jikoni alifungua nani?"

"Bibi aliniomba ufunguo. Aliniomba vizuri, mama. Alisema mume wetu ana njaa."

Hakuna aliyecheka.

"Mama, usimeze tena vidonge hivyo."

"Nisipomeza silali. Nisipolala naunguza nguo za watu. Tutakula nini?"

"Na ukimeza unamwunguza mwanangu."

"Nimeruka majivu nikakanyaga moto, mwanangu. Nilimwomba Mungu usingizi. Sikumwomba huu."

"Basi apa. Apa mbele ya huyo Mungu wako kwamba humezi tena, nami nitamwacha hapa."

Mama Dobi hakuwahi kuapa uongo maishani mwake. Alifungua mdomo. Akazikumbuka zile siku za nusu kidonge, godoro likimchoma kama changarawe, na siku nyingine kama zile akaziona zimejipanga mbele yake, moja nyuma ya nyingine, hadi kaburini. Akamtazama mjukuu. Akaufunga mdomo.

Binti alisubiri. Kisha akakusanya nguo za mtoto, zote zimepigwa pasi zikanyooka, akazitia kwenye mfuko. Akamvua mtoto ule uzi, akauweka ufunguo mezani, kando ya vidonge.

"Bibi haji na sisi?" mtoto akauliza.

Binti akamshika ule mkono mzima, akatoka naye.