Amekaa Bwete

...bwete, ati bwete, kalitamka tena mama mkwe huko sebuleni makusudi lisikike jikoni, "mke wa mwanangu kazi yake kukaa bwete," na kweli amekaa, juu ya kigoda, unga hadi viwikoni, kwa sababu unga wa mkate ukishakandwa na hamira huachwa uumuke, hauguswi, lakini mama mkwe kila akipita hufunua kitambaa akauchoma kidole, ukanywea, halafu jioni anauliza mbona mikate migumu... apaliwe na mate yake, mama yule. "Miaka minne, hata dalili," wifi anadakia, na sasa neno limehama kutoka kigodani hadi tumboni, maana kwao bwete ni la mzembe, la shamba lisilolimwa, na la tumbo lake, ila si la mume wake, thubutu, yeye akishinda kwenye kochi kutwa nzima huitwa mtulivu, "mwanangu mtulivu, hana makuu," na kukaa ni kulekule, makalio ni yaleyale... Daktari alisema wapimwe wote wawili, yeye akaenda, hana tatizo, mume akasema wiki ijayo, wiki ijayo ikazaa wiki ijayo, naye akamfichia, akameza matusi ya ukoo mzima, akijiambia siku wakimkalia kikao mume atasema mwenyewe, ana haya tu, mpe muda... basi kikao ndicho hiki. "Mrudishe kwao, baba," mama mkwe anasema, "tukutafutie mwingine. Sema basi." Sema, anamwomba mumewe kimoyomoyo, sema hujapimwa, neno moja tu... kochi linalia, anajiweka sawa, anakohoa. "Chai bado?" anauliza mume wake. Chai. Na chuki yote aliyomlimbikizia yule mama anaona ilikosea mlango, yule angalau anasema, anachokonoa, anataka kitu, lakini pale kwenye kochi hakuna mtu, na aliyemwita mtulivu kuwashinda wote ni yeye mwenyewe huku jikoni... "Wee, chai," wifi anaita. Hainuki. Unga bado uko chini ya kitambaa, haujaumuka, yeye bado yuko juu ya kigoda, na siri ile si yake tena kuitunza, waje tu wamfukuze, atawaambia mbele ya mumewe, polepole, nani hajapimwa.