Chapati za Ngano ya Njombe

Filomena alikulia katika miaka ya foleni, na afya yake ilikuwa ya kuonewa wivu. Nchi nzima ililia mkate, sukari na sabuni, yeye akazidi kunawiri kwa mihogo, ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, na maembe ya jirani. Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka ya Morogoro yakajaa, mikate ikapangwa kama matofali, maandazi yakakaangwa kila kona ya Kihonda. Watu wakamshukuru Mungu, na Filomena akaanza kuumwa. Jamani, kuna watu wana bahati za ajabu. Soko huria liliwanenepesha wenzake, yeye likamshika tumbo.

Na aliumwa kweli. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo Kihonda, na wanafunzi wake walizoea kumwona akiacha neno nusu ubaoni na kutoka mbio kwenda msalani. Nywele zilimkatika, sketi zikawa zinamvuka. Alimeza dawa za amiba, za minyoo na za homa ya matumbo, na kuna shangazi yake aliyemletea za majini. Mwishowe daktari mmoja wa Dar es Salaam, aliyesomea ng'ambo, alimpitishia mpira kooni mpaka tumboni, akachuna kipande kidogo cha utumbo, akakipima. Alimwambia ana ugonjwa unaoitwa siliaki. Utumbo wake hauelewani na ngano, hata chembe, na tiba yake ni kuiacha maisha yake yote. Filomena akaiacha. Baada ya miezi michache sketi zikaanza kumbana, naye akawa anaimba njiani kwenda kazini.

Kuacha ngano ni jambo jepesi ukiwa peke yako na sufuria yako. Shida ni watu. Mwambie mtu kwamba huli pilipili kwa sababu ya vidonda vya tumbo, atakupa pole. Mwambie huli andazi, atakuuliza umehamia dhehebu gani. Filomena alichoka kueleza, akajizoeza kusema "nimeshiba, asante", na kwa muda neno hilo lilimfaa.

Likaja kumponza kwa wakwe. Mchumba wake, Eustace, alikuwa bwana shamba hapo mjini, kijana mpole wa Kiluguru ambaye kwao ni milimani, juu ya Mkuyuni, mahali ambapo gari linakuacha na miguu inaendelea. Siku alipompeleka Filomena kwa mara ya kwanza kumsalimia mama yake, Mama Ignas kwa jina la mwanawe wa kwanza, yule mama alifanya kila alichoweza. Kule milimani ndizi na magimbi ni chakula cha kila siku, hakuna anayejisifu nacho. Chapati ni ya Krismasi, ya Pasaka, na ya siku padri anapopita. Mama Ignas akakanda chapati, akazipaka mafuta bila uchoyo, akaziweka mezani huku anatabasamu.

"Karibu mwanangu, ule."

"Nimeshiba mama, asante," akasema Filomena.

Ameshiba nini? Amepanda mlima tangu asubuhi, jasho linamtiririka, anameza mate wazi wazi! Hata mimi ningekuwepo nisingemwamini. Na kule, ukikataa chakula cha mwanamke mbele ya macho yake, umeshasema kwamba ametia kitu ndani. Umemwita mchawi bila kufungua mdomo.

Filomena alishuka mlima hajui alichokifanya. Habari ilibaki nyuma yake ikitembea nyumba kwa nyumba. Kanisani wanawake wakaanza kusogea kidogo Mama Ignas alipokaa kwenye benchi, na hakuna aliyemwambia kwa nini, maana alijua. Kaka yake, Mjomba Mikaeli, akakasirika. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na neno lake lilikuwa kwamba ndoa haitatangazwa mpaka huyo mwali aeleze anamwogopea nini dada yake.

Eustace akaitwa ajibu. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Alijua kila kitu kuhusu siliaki, Filomena alimweleza mapema na bila kumficha, lakini kuzungumza habari za utumbo na choo mbele ya mjomba kulimshinda. Akasema haraka haraka, "Ngano inamdhuru, mjomba," akaishia hapo.

Mjomba Mikaeli akapiga paja kwa furaha.

"Aa! Ngano ya meli! Kwa nini hukusema mapema?"

Ilieleweka mara moja, kwa sababu kila mtu alikuwa na kisa chake na bidhaa za ruksa. Mmoja alinunua redio ikafa kabla ya betri zake, mwingine ndala zikajikunja juani. Kama hayo ndiyo yanayoshushwa bandarini, unga wake utakuwaje? Mwali ana tumbo safi tu, linakataa uchafu wa nje. Mjomba alifanya kazi Njombe ujanani, na alijua kule watu wanalima ngano yao wenyewe, kwa jembe, kwenye ubaridi wao. Akapanda basi. Akarudi na gunia, akasimamia mwenyewe likisagwa, akatuma salamu mjini kwamba mwali aje, safari hii atakula.

Filomena alipanda mlima mara ya pili akiamini kwamba mambo yamesemwa na kueleweka. Eustace alimwambia, "Wanajua kuhusu ngano," na wala hakuwa amedanganya. Alipofika akapiga goti.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba, marahaba, karibu ukae," akajibu mjomba, amevaa koti lake la kanisani. Mezani kulikuwa na hotipoti kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi. Mjomba akakiondoa kitambaa taratibu, akafungua, na moshi mtamu wa chapati ukajaa sebuleni. Zilikuwa nyingi, nene, za rangi ya udongo kidogo, nzuri mno. Akasimulia basi, akasimulia baridi ya Njombe, akasimulia mzee aliyetaka kumchanganyia ngano ya zamani naye akaikataa. "Hii haijaona meli," akamaliza. "Kula mwanangu, bila wasiwasi."

Filomena akamgeukia Eustace. Eustace akamwinamia sikioni.

"Kipande kidogo tu, Filo. Kidogo kabisa. Mzee amehangaika mno."

Neno hilo lilimuuma. Alikuwa anampenda mtu huyu, na ndiye pekee pale ndani aliyejua kipande kidogo maana yake nini. Filomena akayaona maisha yake yote mbele yake: kipande kidogo kila Krismasi, kipande kidogo kila ubatizo, watu wameridhika, na yeye anakimbilia chooni huku anatabasamu. Akashikwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na woga, kwa sababu alijua akikataa tena leo hatakuwa na mchumba wala pa kurudi.

Hapo akamwona Mama Ignas. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, kashika ncha za kanga, amekonda kuliko siku ile ya kwanza. Hakuwa anaangalia uso wa Filomena. Alikuwa anaangalia mikono yake, kama itanyooka kuchukua au haitanyooka.

Filomena akainuka, akaenda kupiga goti mbele yake.

"Mama, naomba unisikilize mimi mwenyewe. Siwezi kula hizi. Ngano ya meli, ngano ya Njombe, hata ingekuwa imelimwa na malaika, mimi naumwa. Nikila leo, kesho nitaharisha mpaka nishindwe kusimama."

Mjomba akakohoa. "Mwali, maneno gani hayo mezani..."

"Nisamehe mjomba, ugonjwa wenyewe ndio huo, hauna jina zuri zaidi." Naye akayasema yote: msalani katikati ya somo, nywele kwenye kitana, siku aliyoanguka mbele ya shule nzima wakati wa wimbo wa taifa, ule mpira wa kooni. Mwali hasemi mambo kama hayo kwa wakwe. Yeye aliyasema.

Mama Ignas akauliza polepole, "Hata hizi za mikono yangu?"

"Hata za mama yangu mzazi sili, mama. Alininunia mpaka akachoka."

"Kwa hiyo siku ile..."

"Siku ile nilikuwa na njaa mbaya sana. Nilisikia harufu ya ndizi kutoka jikoni kwako nusura nilie."

"Ndizi?" Mama Ignas akashtuka. "Zile zilikuwa zetu sisi wa jikoni! Na leo zipo, za nazi na maharage, lakini nitamwekeaje mwalimu wa mjini ndizi, watu wanisemeje?"

"Twende huko huko jikoni, mama. Hakuna atakayeona."

Mgeni haingii jikoni kwa watu, sembuse mwali ambaye hajaolewa. Filomena aliingia. Akakaa kwenye kigoda, na kabla hajagusa kitu akauliza kama mwiko ule ulipita kwenye unga. Mama Ignas akasimama kidogo, maana swali hilo siku nyingine lingekuwa tusi. Kisha akaelewa. Akatupa mwiko pembeni, akachukua mwingine, akaosha sahani kwa maji ya moto na majivu, akajisugua mikono mpaka kwenye viwiko. Akapakua sahani moja, wakala wote wawili, na kila alipopata ndizi laini aliisukuma upande wa Filomena.

Eustace akatokea mlangoni, kainamisha kichwa.

"Mama, lilikuwa langu la kusema, nikaona haya. Filo, nisamehe."

Filomena akamtazama muda wa kutosha kumtesa kidogo.

"Kanawe kwanza, umeshika chapati. Ndipo uje ukae."

Mama Ignas akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, kicheko cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kucheka. Kikamvuta na mjomba, akaja kusimama nje ya jiko, chapati mbili mkononi, shavu limejaa.

"Mimi sina ugomvi na ngano," akasema. "Gunia lote nitalimaliza mwenyewe. Padri aambiwe atangaze Jumapili, na huyo mwali apikiwe wali siku ya harusi, msije mkaniulia mtu."

Mdomo wa Filomena ulikuwa umejaa. Alikwangua mchuzi wa nazi kwa kidole, akaisogeza sahani mbele.

"Mama, niongeze."

Mama Ignas akafunua chungu, akachungulia. Kilikuwa kitupu. Akainuka nacho mkononi, akatoka mpaka ukingoni mwa ua, pale mlima unapokatika kuelekea korongoni. Ng'ambo ya korongo alikaa yule jirani aliyekuwa wa kwanza kusogea kwenye benchi la kanisa. Mama Ignas akavuta pumzi, akaita kwa sauti ile ya milimani inayovuka bonde bila haraka.

"Mama Dennis weee! Una ndizi?"

"Ninazo! Kuna niniii?"

"Niletee mkungu! Mkwe wangu amenimalizia chungu!"

Mama Ignas akarudia lile la mwisho, kwa sauti kubwa zaidi, ili na wa nyumba za chini wasikie.