Wasomaji Wasioonwa na Mita

Mhudumu wa ofisi alikuwa anapiga deki ukumbini, akawaomba wasomaji wa Nesi wainue miguu. Wakainua. Walikuwa wengi kuliko viti, hivyo waliokosa walisimama wameegemea ukuta, kila mmoja na simu yake, wanasoma kimya. Mhudumu akapitisha dekio chini yao, akahamia kwenye ngazi.

Ofisi ile iliendesha tovuti ya kuuguza watu nyumbani, na tovuti ilikuwa na Mita. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Mita ilikuwa chombo hasa. Ilikaa kwenye skrini kubwa chumbani kwa Bosi, ikisema nani kasoma nini, kwa simu ya aina gani, na kachokea mstari upi. Zamani palikuwa na vipimo vingine, vikawa vinabishana na Mita kila kikao. Bosi akaving'oa, na tangu hapo vikao vikawa vifupi na vitamu. Ila Mita ilimhesabu yule tu aliyebonyeza "Nakubali" ukurasa unapofunguka. Aliyekataa, au mwenye simu kuukuu ambayo kitufe chenyewe hakitokei, haikumwona. Hao ndio waliokuja ofisini. Mtu akifungua ukurasa kwake, kando ya kitanda cha mgonjwa, papo hapo alikuwa pia pale ukumbini, na akimaliza kusoma aliondoka bila kupita mlangoni.

Karibu wote walifuata ukurasa wa Nesi. Mama huyu alistaafu wodini, akaandika namna ya kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza: goti lipi likunjwe kwanza, mkono ushike wapi, ngozi ikaguliwe vipi isije ikachubuka. Jamani, ukurasa ule! Ukiusoma unajiona una nguvu za kumbeba mzazi wako. Nesi aliupenda kuliko chochote alichowahi kufanya, na hakuona haya kulisema.

Basi Bosi akamwita.

"Nesi mama, kurasa zisizo na wasomaji tunaziondoa leo. Wako hauna hata mmoja."

"Na hao uliowaruka mlangoni?"

"Nawaona. Yule mzee wa kofia nimemkanyaga, nikamwomba radhi. Lakini kwenye Mita hawamo."

"Rudisha basi kipimo kingine, tulinganishe."

"Tuanze tena mabishano? Mama, fahali wawili hawakai zizi moja." Alisema kwa upole, kwa kuwa alimheshimu sana. Kisha akabonyeza.

Kule ukumbini dereva mmoja wa lori akaitikisa simu yake.

"Mbona ukurasa umepotea? Nimeshamkunja baba goti, nimemshika bega. Sasa nimvute au nimsukume?"

Nesi alikuwa anatoka kwa Bosi na kikombe cha chai. Moyo ulimuuma, machozi yakamlengalenga, lakini alikiweka kikombe dirishani akamwendea.

"Usimvute bado, mwanangu. Kwanza mwambie unamgeuza."

"Hasikii huyu, mama."

"Mwambie."

Dereva akainama. "Baba, nakugeuza."

"Haya. Mkono mmoja begani, mwingine nyongani. Mlete kwako taratibu, kwa pamoja. Usiwe na haraka. Mto mgongoni. Mwingine katikati ya magoti. Anapumuaje?"

"Vizuri." Dereva akajifuta uso kwa kiganja. "Amefumba macho. Hajalala hivi tangu juzi. Ahsante, mama yangu." Akaondoka.

Mwanamke aliyekuwa ukutani akanyoosha mkono. "Na mimi, mama. Niliishia kwenye goti." Mwingine nyuma yake akasema hakuwa ameanza kabisa.

Nesi akavuta kiti akaketi katikati yao, akaanza upya kutoka mwanzo, kwa sauti ya kuwafikia hata wale wa mlangoni. Hakurukaruka, wala hakumkaripia aliyeuliza jambo lile lile mara ya pili. Anastahili kupigiwa saluti mama yule.

Mlango wa Bosi ukafunguka kidogo. Akawasalimia watu wote kwa adabu, akamwomba Nesi apunguze sauti, maana alikuwa anaandika ripoti kwamba ukurasa umeondolewa na hakuna hata mtu mmoja aliyeuulizia.