Barafu za Ukwaju Chini ya Laptop

Mkoba wangu ulikuwa mlangoni tayari, na huo ndio ulionitia hofu kuliko kitu kingine chochote. Laptop yangu ikishindwa ukaguzi, jioni ile napanda basi kwenda Bogotá kuwa mtumishi wa ndani kwa tajiri mmoja, na mwanangu Maité anabaki hapa Barranquilla kwa shangazi yangu. Ikifaulu, kampuni moja itaniajiri kupokea simu za wateja nikiwa nyumbani, mtoto miguuni pangu. Jana Maité aliuona mkoba ule. Alilia mpaka akapitiwa na usingizi, kang'ang'ania sketi yangu.

Basi nimekaa mezani, laptop ya mtumba mbele yangu, mchana wa jua ambao hata mbwa hawabweki. Kwenye kioo yupo kijana wa kampuni, Yeison.

"Programu yetu inataka prosesa yenye kasi ya gigahezi mbili kwenda juu, Bi Deyanira. Itaipima mashine yako mpaka mstari huo wa kijani ujae. Ukijaa namba ikiwa chini ya mbili, umekosa kazi."

"Aliyeniuzia aliniapia ni mbili na nusu."

"Wauzaji hao! Nani asiyewajua?" Akacheka. Nilitamani kumzaba kofi.

Mstari ukaanza kutembea. Mbili na nusu! Nikashusha pumzi. Kisha mashine ikaanza kuvuma, ikapata moto hadi ikaniunguza vidole. Mbili na robo. Mbili. Moja nukta nane.

"Yeison, mbona inashuka?"

"Joto hilo. Ikichemka hujipunguza kasi yenyewe isiungue. Kwani huko kwenu kuna joto?"

"Hapa tunakaangwa bila mafuta, ndugu yangu!"

Moja nukta tano. Niliogopa, tena niliogopa vibaya sana. Nilikuwa nishamwona Maité kituoni, ananipungia mkono hajui ni mpaka lini.

Shangazi Ubaldina, ambaye huuza barafu za mfuko dirishani kwetu, alikuwa kasimama nyuma yangu muda wote.

"Tatizo ni joto tu?"

"Joto tu, shangazi."

"Na wewe umekaa kulikodolea macho! Haya, inua hiyo kitu."

Akafungua friza, akajaza sinia barafu za ukwaju na za nazi, ngumu kama mawe, akazifunika kwa taulo.

"Shangazi, maji na umeme jamani!"

"Inua, nimesema! Unataka kupanda basi?"

Nikainua, nikaiweka juu ya taulo huku nikimwita Bikira Maria. Moja nukta tano. Moja nukta sita. Barafu zikaanza kuyeyuka, maji yakatambaa kuelekea kwenye waya. Nikaunyanyua waya juu kwa mkono mmoja. Shangazi anachomoa barafu zilizolegea, anasukumiza ngumu.

Dirishani wakagonga. "Bi Ubaldina, ya nazi!"

"Hakuna! Rudini kesho!" Mwanamke huyu hata siku ya kumzika mumewe aliuza.

Moja nukta tisa. Mstari umebakiza kipande kama ukucha.

"Kuna nini kinachodondoka huko?" Yeison akauliza, safari hii bila kicheko.

"Hakuna kinachodondoka!"

Mbili. Moja nukta tisa. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mstari ulikuwa umejaa, na namba ilikuwa mbili nukta moja.

"Imepita," akasema Yeison. "Unaanza Jumatatu. Lakini tafadhali, dada yangu, tafuta feni."

Nikakaa sakafuni palepale kwenye maji ya ukwaju. Maité akatoka chumbani akijifikicha macho.

"Bibi, nataka barafu ya nazi."

Shangazi akafungua friza. Haikuwa na kitu. Mtoto akaangua kilio cha kuezua paa, na shangazi akaanza kumbembeleza.

"Mwache alie, shangazi," nikasema, machozi yakinitoka na mimi. "Jana alinililia mimi. Leo analilia barafu."