Mikono Iliyopigwa Picha

Joto lilikuwa limewabana wanawake wa Matondoni nyuma ya pazia la madrasa, na afisa wa ushuru aliyetoka Amu alikuwa bado anasoma. Kila punda wa mizigo atalipiwa ushuru kila mwezi. Asiyelipiwa atachukuliwa. Kulthum alisogea karibu na pazia. Tangu mumewe apooze, punda wao ndiye aliyebeba maji ya kuuza, na maji hayo ndiyo yaliyoleta unga nyumbani.

"Sheria yataka tuwasikize wananchi," alisema afisa, Bwana Abdulwahid. "Kina mama, kuna neno?"

"Lipo," Kulthum akasema. "Mimi punda wangu ni mmoya..."

"Bi, maji yanatoka, boti itakwama. Tufunge kwa dua."

Pazia likavutwa kando, eti baraka ziwafikie na kina mama. Watu wote wakainua mikono. Kulthum akamwona mpiga picha aliyekuja na afisa, aliyesinzia kikao kizima, yuko juu ya benchi, macho makavu. Akashusha mikono yake.

Bi Mwanamkisi, jirani yake, akampiga kiwiko. "Wakataa dua?"

"Yule aliyepanda benchi haombi dua."

"Wewe nawe! Kila mtu kwako mwizi. Twamuomba Mngu, hatumuombi yeye."

Wanawake walianza kugeuka kumtazama. Kulthum akainua mikono. Kamera ikamulika.

Baada ya Idi, Bwana Abdulwahid alirudi na askari wawili. Walimkuta punda kisimani, wakamtua jerikeni, wakamfungua.

"Ushuru huo hatukuukubali," Kulthum alisema. "Hata kusema hamkutuacha."

Afisa akamwonyesha simu. Safu za watu, mikono juu. Chini yake maandishi: Matondoni yaunga mkono ushuru mpya.

"Huyu wa mbele si wewe?"

"Hapo twaomba dua!"

"Picha hii ilifika bunge la kaunti. Mwakilishi wenu mwenyewe aliiona, akapitisha."

"Yuko wapi, nimuulize?"

"Yuko Mombasa, semina."

"Semina ya nini?"

Askari mmoja akacheka. "Ya kusikiliza wananchi."

Gatini punda aligoma. Ubao wa kuingilia botini ulitikisika, naye akakaza miguu. Askari akaokota ufito wa mkoko, akamchapa masikioni. Mara ya pili damu ikatoka.

"Mwate!" Kulthum alipiga kelele. "Mwate, usimchape, nitamtia mwenyewe."

Akashika kamba, akatangulia juu ya ubao, akimwita polepole kama alivyomwita kila alfajiri. Punda akamfuata mpaka ndani.

Kulthum akashuka upande wa pili wa boti, maji yakamfika magotini, buibui likaelea. Ncha ya kamba ilikuwa bado mkononi mwake.

"Ahsante kwa ushirikiano, Bi," alisema Bwana Abdulwahid. Injini ilikuwa imeshawashwa. "Sasa achia kamba."