Panya Aliyekufa Mara Arobaini

Saa tatu asubuhi Mama Panya, mtunza wanyama wa maabara, alimtoa panya kizimbani, akambana shingo kwa penseli, akavuta mkia. Mfupa ukalia. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa na mkono wake haukuwa na mzaha.

Panya alikufa. Baada ya dakika sita aliinuka, kichwa kimelala begani, akaenda kunywa maji.

Kundi la panya huyo lilikuwa limeondolewa jeni moja, ile inayotengeneza kinasi, kimeng'enya kinachoiambia seli kwamba siku zake zimekwisha. Asiyeambiwa hajui. Uvimbe wa saratani uliopandikizwa ubavuni nao haukuwa umeambiwa, ukainuka pamoja na mwenyewe.

"Profesa, huyu kaamka."

"Uvimbe ulikufa kwanza?"

"Kwa dakika sita."

"Basi andika umekufa. Halafu rudia."

Profesa alikuwa ameshatangaza kwamba jeni hiyo ikizimwa, uvimbe hufa. Dawa ya kuizima ilishafika wodini. Zilikuwa zimebaki karatasi tu, na karatasi zilitaka panya arobaini.

"Mdogo wangu ndiye wa kwanza kwenye orodha ya dawa," alisema Mama Panya.

"Ana bahati."

Siku hiyo alimchukia Profesa kwa moyo wote, na akarudia. Mara ya kumi na mbili panya alimng'ata kidole mpaka mfupani. Mara ya arobaini mkia ulichomoka, akachukua mkasi. Kichwa kikabaki mezani kikipepesa macho, mwili ukatangulia kizimbani. Ilipofika saa kumi, kitabu kilikuwa na panya arobaini, wote wamekufa.

Akaenda wodini na koti lake lenye damu.

"Usiimeze hiyo dawa," alimwambia mdogo wake. "Haiui uvimbe. Nimeona kwa macho yangu."

"Dada, wewe unalisha panya. Yule ni profesa." Mdogo mtu alicheka kidogo, mkono ukiwa kwenye uvimbe wa tumboni. "Mfa maji haachi kutapatapa. Nipe hicho kidonge."

Alikufa Jumanne baada ya chakula cha mchana. Daktari alimwahi kwa sindano, akachota nyama ya uvimbe, akaandika kwamba dawa imefanya kazi. Dakika sita zilipokwisha, mgonjwa alifumbua macho.

"Bado inauma," alisema.

Jumatano alikufa mara tatu. Uvimbe ulikuwa umepasua ngozi na unaendelea kukua. Alhamisi alimvuta dada yake karibu.

"Si wewe ndiye fundi? Nimalize."

Mama Panya alilia. Kisha akapanda kitandani, akamkamata mdogo wake kichwa kwa mikono miwili, akakizungusha kwa nguvu zake zote. Muuguzi alisikia mlio, akavuta pazia.

Akakaa kusubiri, akiomba awe amekosea hesabu. Dakika ya sita mdogo wake aliamka, shingo imegeukia ukutani.

"Umejaribu, dada," aliuambia ukuta.

Kitanda cha pili, mama mmoja alikuwa anameza kidonge chake cha kwanza.